Funga Jumamosi, Sikukuu Iwe ya Kurudi

Kikao cha kwanza cha kamati ya harusi hakikosi mtu aliyekuja na kalenda ya ukutani. Mweka hazina hajafungua hata daftari la ahadi, yeye ameshazungushia kalamu tarehe nyekundu: "Hii hapa jamani, siku hiyo hakuna anayekwenda kazini." Nimeratibu harusi Dar es Salaam na Moshi kwa miaka mingi, na mtu huyu namkuta kila mara. Kila mara pia huwa amepiga hesabu nusu. Asiyekwenda kazini hajawa na nafasi bado; pengine siku hiyo ndiyo ana shughuli kuliko siku zote.

Chukua Krismasi. Wachaga wengi wanaoishi Dar hupanda nyumbani Desemba, na tiketi za mabasi ya kaskazini hugombewa. Ukifunga ndoa tarehe 26 Desemba pale Sinza, wajomba watakuwa Rombo, mashangazi Marangu, na wewe utakuwa na ukumbi wa watu mia tatu wenye meza za watu wa ofisini tu. Peleka ndoa hiyohiyo Marangu, mambo yanageuka. Ukoo umeshafika kihambani kwa nauli yake, kila mtu analala kwao, gesti hulipi, basi la wageni hukodi. Tarehe ni ileile. Kilichobadilika ni mahali. Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa kamati ni hili: siku hiyo watu wetu huwa wapi?

Sikukuu za Kiislamu zina ugumu wake, na hapa nitakaa kidogo. Pwani, harusi hukoma Ramadhani ikiingia, kisha hufululiza mfungo mosi, yaani Shawwal. Kuoa katika mwezi huo kuna msingi wake: Bi Aisha aliolewa na Mtume katika Shawwal, jambo ambalo Waarabu wa kabla ya Uislamu waliliona nuksi. Kwa hiyo mwezi hauna neno. Shida ni siku zenyewe za Idd, kwa kuwa kadi huchapwa kwa kalenda ya ukutani na Idd hufuata mwandamo. Niliwahi kusimamia harusi iliyopangwa Jumamosi, kwa hesabu kwamba itakuwa Idd pili. Mwezi haukuonekana. Jumamosi ikawa Idd mosi, na wageni wetu wakawa wenyeji majumbani mwao, kila mmoja na sufuria yake ya biriani jikoni. Bibi yake bwana harusi tulipompigia simu alijibu kwa upole tu: "Mwanangu, Idd mosi mimi sitoki kwangu, nasubiri wajukuu waje kunipa mkono." Alikuja saa mbili usiku, keki imeshakatwa.

Idd ya kuchinja ina lake. Kama baba wa bibi harusi yuko Makka kuhiji, kumbuka kwamba aliye katika ihramu haoi wala haozeshi. Nimeona familia ikigundua hilo ukumbi umeshalipiwa.

Kwa Wakristo, jambo la kuangalia ni Kwaresima. Parokia nyingi hazipendi sherehe za ndoa kipindi hicho, na kwa Wakatoliki Ijumaa Kuu na Jumamosi Kuu ndoa haifungwi kabisa. Mtego uko hapa: sikukuu ya serikali haihami, Pasaka inahama. Tarehe 7 Aprili ni Siku ya Karume kila mwaka. Mwaka 2023 iliangukia Ijumaa Kuu, na ndani ya Ramadhani vilevile. Aliyeitazama kwenye kalenda aliona mapumziko marefu. Padri na shehe wote wawili wangemrudisha nyumbani.

Gharama nazo huwa zinaonewa. Watu hunung'unika kwamba wenye kumbi na wapishi hupandisha bei sikukuu kwa tamaa. Tamaa ipo, sikatai, lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mfanyakazi anayefanya kazi siku ya sikukuu alipwe mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa. Mwenye ukumbi anayefuata sheria atakutoza hiyo tofauti. Nyama na kuku navyo hupanda wakati wa Idd na Krismasi, hata ungempata mpishi wa bure. Kisha kuna mifuko ya wachangiaji: Mapinduzi, tarehe 12 Januari, ni siku nzuri kwa kila kitu isipokuwa michango, kwa sababu wiki hizo ada za shule na sare za watoto zimekomba kila senti.

Wanaofunga ndoa bomani hawana mjadala mrefu. Ofisi za serikali hufungwa sikukuu, na taarifa ya kusudio la ndoa inatakiwa kutolewa angalau siku 21 kabla. Mapumziko marefu yasikukute hujaipeleka.

Je, mimi hupendekeza nini? Hupendelea sikukuu ya kiserikali iliyogusa wikiendi, lakini harusi yenyewe naiweka Jumamosi. Mwaka 2024 Siku ya Nyerere, tarehe 14 Oktoba, ilikuwa Jumatatu. Harusi ya Jumamosi tarehe 12 ilimpa mgeni wa Mwanza Jumapili nzima ya kulala na kula viporo na ndugu, na Jumatatu ya kusafiri bila kumwomba bosi ruhusa. Ukumbi ulilipiwa kwa bei ya Jumamosi ya kawaida.

Mwenye kalenda huwa hakubali upesi. Atageuza ukurasa na kuuliza, "Na Nane Nane je?" Tazama imeangukia siku gani. Kama ni Jumatano, mwambie arudishe kalamu mfukoni.