Mhudumu wa Gari la Wagonjwa

Mtu akianguka njiani na moyo wake ukasimama, dakika chache tu zatosha kumwua. Basi yule amfikiaye kwanza imempasa kujua la kufanya.

Zamani huko Marekani wagonjwa wengi walipelekwa hospitali kwa magari ya kuchukulia maiti, na wengi wa waendeshaji hawakuwa na elimu ya uuguzi. Mwaka 1966 wataalamu walitoa taarifa iliyoonyesha hasara yake. Na mwaka 1970 kikaanzishwa chama cha kuwapima na kuwaandikisha wahudumu wa dharura.

Je, cheti hicho hupatikanaje? Mwanafunzi hujifunza kuzuia damu, kufunga mfupa uliovunjika, kuzalisha, na kukandamiza kifua mara 100 hata 120 kwa dakika, kikibonyea sentimita 5 au zaidi kidogo. Mwalimu humtazama akitenda hayo yote kwa mikono yake. Kisha hujibu maswali kwa kompyuta, yasiyopungua 70 wala kuzidi 120. Akijibu vema, swali lifuatalo huwa gumu zaidi. Aliyeshindwa hungoja, akajifunza tena, akarudi. Hata aliyeshinda, cheti chake hudumu miaka 2 tu, maana mkono usiozoezwa husahau.

Labda mwaona taabu hizi zimezidi. Lakini fikirini: aliyelala njiani hawezi kumchagua wa kumwokoa, humpokea yeyote ajaye. Kwa hiyo mhudumu hupimwa kabla, ili mgonjwa asiwe ndiye mtihani wake wa kwanza.