Fidia ya ajali ya lori: bima hukomea milioni 3

Lori la viazi linashuka kutoka Timau, linapita Nanyuki na Naro Moru, na karibu na Karatina linamgonga na kumuua mama aliyekuwa akivuka barabara. Mama huyo ni wa kubuni, ila hesabu itakayofuata ndiyo inayofanywa katika mahakama zetu za Nyeri na Karatina kila kesi ya namna hii inapoamuliwa.

Alikuwa na miaka 35, ameolewa, ana watoto watatu, na biashara yake ya mitumba ilimpa shilingi 30,000 kwa mwezi. Hakimu akisharidhika kwamba kosa ni la dereva, huzidisha kipato hicho kwa 12, kisha kwa idadi ya miaka ambayo marehemu angeendelea kufanya kazi. Tuseme 20; mahakama haihesabu hadi uzeeni, kwa sababu maisha hayana hakika na pesa zinalipwa kwa mkupuo. Theluthi moja huondolewa kama matumizi yake mwenyewe, na theluthi mbili huenda kwa wategemezi. Jibu ni shilingi 4,800,000. Kwa kawaida huongezwa 100,000 za kufupishiwa maisha, kiasi kidogo cha maumivu kabla ya kifo, na gharama za mazishi. Tuyafanye yote hayo 200,000. Jumla, milioni 5.

Angekuwa hajaolewa wala hana mtoto, na wanaodai ni wazazi wake, mara nyingi wangepewa theluthi moja tu: milioni 2.4. Kama familia imeshindwa kuthibitisha kipato, mahakama nyingi hushika mshahara wa chini wa serikali. Tangu Novemba 2024, kibarua wa Nairobi anapaswa kulipwa angalau shilingi 16,113.75 kwa mwezi, na miji kama Nyeri iko chini ya hapo. Kwa shilingi 15,000, fungu la wategemezi linashuka kutoka milioni 4.8 hadi 2.4. Nusu nzima imepotea kwa kukosa ushahidi. Inauma zaidi kwa sababu Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 2005, katika kesi ya kifo cha fundi seremala, kwamba vyeti na stakabadhi si njia pekee ya kuthibitisha kazi na kipato cha mtu. Jirani wa kibandani anaweza kusimama kizimbani. Taarifa ya M-Pesa ya miezi sita inaweza kusema mengi, na vivyo hivyo stakabadhi za majani chai au za kahawa ya chama cha ushirika kwa mkulima.

Sasa nani analipa? Dereva alikuwa kazini, kwa hiyo kosa lake linambebesha mwenye lori, na sheria ya trafiki humchukulia aliyeandikwa kwenye logibuku kuwa ndiye mwenyewe hadi ithibitishwe vinginevyo. Nyuma yake iko kampuni ya bima. Hapo ndipo familia nyingi hushtuka: Sura ya 405 ya sheria za Kenya, inayolazimisha kila gari kuwa na bima ya mtu wa tatu, inaibana bima kwa milioni 3 tu kwa dai la mtu mmoja. Katika mfano wetu, milioni 2 zinazobaki zinadaiwa kwa mwenye lori mwenyewe. Akiwa na lori moja lililonunuliwa kwa mkopo wa benki, hukumu hiyo ni karatasi.

Mwaka 2013 Bunge lilijaribu kubana zaidi, likaweka jedwali la asilimia kwa kila jeraha. Mahakama Kuu ililifuta mwaka 2016. Kikomo cha milioni 3 kilibaki, ingawa bei ya unga, karo na hospitali haikusimama kukingoja.

Jambo moja linawapa waathiriwa nguvu, nalo halijulikani sana. Lori likiwa limejazwa kupita kiasi, au breki zake mbovu, bima haiwezi kumkatalia mtu wa tatu kwa sababu hizo. Italipa, kisha imfuate mteja wake.

Taniboi, msaidizi wa dereva, yuko upande mwingine kabisa. Yeye ni mfanyakazi, hivyo bima ya mtu wa tatu haimhusu. Anakwenda kwa sheria ya fidia za wafanyakazi ya 2007, ambayo kiwango chake cha juu ni mishahara ya miezi 96. Kwa mshahara wa shilingi 20,000, hiyo ni 1,920,000. Na aliyepewa lifti ya bure juu ya magunia? Bima ya lazima haimtambui. Amebakiwa na mwenye lori peke yake.

Ukitaka kuuona ukubwa wa pengo, angalia makutano ya Londiani, Kericho, ambapo tarehe 30 Juni 2023 lori liliwavamia watu na 52 wakafa. Kikomo cha bima kwa vifo hivyo ni shilingi milioni 156. Lau kila familia ingepimiwa milioni 5 kama mama yetu wa Karatina, madai yangefika milioni 260, na milioni 104 zingemwangukia mwenye lori. Na hiyo ni ajali moja tu: Kenya nzima ilipoteza watu 4,748 barabarani mwaka 2024.

Hata hizo milioni 3 zinategemea kampuni ya bima kuwa hai. Blue Shield iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria mwaka 2011. Invesco ilifuata njia ya ufilisi mwaka 2024.

Kwa maoni yangu, kikomo hiki kinapaswa kupandishwa, hasa kwa malori mazito. Upanuzi wa njia ya Kenol hadi Marua, kilomita 84, ni wa kupitisha magari kwa kasi na kwa wingi; bima ya yanayopita humo haiwezi kubaki ya zamani.

Bunge likiendelea kukawia, wewe usikawie ajali ikitokea. Andika namba ya kichwa cha lori na ya trela, kwa kuwa huenda vina wenyewe tofauti. Piga picha stika ya bima. Chukua abstrakti ya polisi, na kama kuna kifo, omba mahakamani kibali cha kusimamia mali ya marehemu kabla ya kushtaki. Dalali wa kesi akikujia kitandani hospitalini na karatasi ya kutia sahihi, mfukuze. Kesi ifunguliwe ndani ya miaka mitatu.