Kweli au Uongo: Vichocheo, Taka na Kazi ya Mkemia

Madai ya kemia hayasubiri ufike darasani. Yanakukuta jikoni, gereji na kwenye simu, na bila shaka mengi umeshayasikia. Tuyaweke mezani tuyapime moja moja. Karibu yote yanahusu kichocheo, yaani kitu kinachofanya mmenyuko wa kikemikali uende upesi bila chenyewe kuliwa. Kanuni ya kukumbuka ni hii: kichocheo hufupisha njia, lakini hakilipi nauli.

1. Majani ya mpapai hulainisha nyama ngumu

KWELI. Bibi zetu hawakuhitaji maabara kulijua hili. Utomvu ulio kwenye majani, na hasa kwenye papai bichi, una papaini, kimeng'enya kinachokatakata protini za nyama. Vimeng'enya ndivyo vichocheo vya viumbe hai. Vingi hufanya kazi ndani ya maji, kwa joto la wastani, bila tindikali kali, ndiyo maana wakemia wanaotafuta viwanda visivyochafua wanavipenda sana. Lakini masharti yapo. Nyama ipakwe kabla ya kuinjikwa, kwa sababu maji yanayochemka huiua papaini. Papai likiiva utomvu hupungua, na nguvu yake hupungua pia. Ukiiacha nyama kupita kiasi, itamong'onyoka.

2. Masega ya bomba la moshi ni mzigo tu. Yang'oe gari lipumue

UONGO. Fundi anaweza kuwa sahihi kwamba masega yaliyoziba huchosha injini, ila dawa yake ni kuweka mengine, si kuacha bomba wazi. Ndani ya masega mna kauri yenye vitundu vingi, iliyopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu, na hizo ndizo vichocheo. Moshi ukipita hapo, monoksidi ya kaboni, gesi inayoua bila harufu, hugeuka kaboni dioksidi. Oksidi za nitrojeni hugeuka nitrojeni ya kawaida. Na mabaki ya petroli humalizika kuungua. Madini hayo ni adimu, kwa hiyo wapo wanaoyanunua masega mabovu kwa bei nzuri, wakayatoa madini na kuyarudisha viwandani. Hiyo tayari ni kemia ya mzunguko: kilichotumika kinarudi kutumika tena.

Na wale wanaosema kichocheo hudumu milele? Hao wana NUSU YA UKWELI. Kichocheo hakiliwi, lakini huweza kulishwa sumu. Risasi iliyokuwa ikitiwa kwenye petroli iliyaua masega haraka. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo kufikia mwanzoni mwa 2006, na bila hatua hiyo masega yasingekuwa na maisha katika barabara zetu.

3. Kuna gari linalotumia maji, ila matajiri wa mafuta wameificha siri

UONGO. Maji ni haidrojeni iliyokwisha kuungua. Ukitaka kuitenga tena na oksijeni, utatoa nishati isiyopungua ile iliyotoka wakati wa kuungua. Kichocheo kizuri hupunguza hasara ya njiani, lakini hakigeuzi hesabu. Kupata haidrojeni kutoka majini kunawezekana kabisa, mradi awepo wa kulipa umeme. Iceland walijenga kiwanda karibu na Svartsengi, wakakipa jina la George Olah, mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya Kemia ya 1994. Kilichukua kaboni dioksidi kutoka mtambo wa jotoardhi na haidrojeni iliyotengwa kwa umeme, na kwa msaada wa kichocheo kikatoa methanoli. Nauli ililipwa na umeme wa nchi ile, unaotoka kwenye maporomoko ya maji na jotoardhi. Hakuna siri iliyofichwa hapo.

4. Chupa ya plastiki ikirejelezwa hurudi kama ilivyokuwa, mara zozote upendazo

UONGO. Njia iliyozoeleka ni kusaga na kuyeyusha. Kila mara plastiki inapopitia humo, minyororo ya molekuli zake hukatika, rangi huchanganyika, nayo hudhoofika. Ndiyo maana chupa nyingi huishia kuwa nyuzi, si chupa tena. Mwaka 2017, Roland Geyer na wenzake walikokotoa hatima ya taka zote za plastiki zilizozalishwa duniani hadi 2015: asilimia 9 zilikuwa zimerejelezwa, asilimia 12 zimechomwa, na 79 zimebaki majalalani au zimezagaa.

Kemia ya mzunguko inapendekeza njia nyingine: vunja mnyororo hadi upate vijenzi vyake vya mwanzo, visafishe, kisha uviunganishe upya. Hapo ndipo plastiki inayotoka inaweza kuwa sawa na mpya, na hapo ndipo kichocheo kinapohitajika.

5. Kuna bakteria anayekula plastiki, basi tatizo limekwisha

NUSU KWELI. Bakteria huyo yupo. Wanasayansi wa Japani walimtangaza mwaka 2016 baada ya kumpata Sakai, karibu na kiwanda cha kurejeleza chupa. Anakula PET, plastiki ya chupa za maji na soda, lakini polepole: utando mwembamba ulimchukua takriban wiki sita. Mwaka 2020 watafiti wa Toulouse, Ufaransa, walirekebisha kimeng'enya kingine, kilichogunduliwa kwenye mboji ya majani. Hicho kilivunja asilimia 90 ya PET kwa saa 10, kwa joto la nyuzi 72.

Mbona basi tatizo halijaisha? Kwa sababu PET ina viungo vya esta ambavyo kimeng'enya huweza kuvikata. Mfuko wa polithini ni kaboni iliyofungamana na kaboni tangu mwanzo hadi mwisho, na bakteria wa Sakai hana pa kuushika. Kwa mfuko wa rambo, marufuku iliyoanza Tanzania Juni 2019 inafanya kazi asiyoiweza.

6. Plastiki iliyotokana na mimea huoza yenyewe shambani

UONGO, mara nyingi. Asili ya plastiki ni jambo moja, mwisho wake ni jambo lingine. Brazili hutengeneza polithini kutokana na miwa, na polithini hiyo haiozi kama ilivyo ile ya mafuta ya petroli. Plastiki ya PLA, inayotokana na wanga au sukari ya mimea, huoza vizuri kwenye mboji ya kiwandani yenye joto la karibu nyuzi 60. Ukiitupa mtaroni, usiitarajie kutoweka msimu huu.

7. Mkemia mkubwa hupata wazo ghafla, na hakosei

UONGO mara mbili. Amonia ya mbolea ilihitaji kichocheo. Fritz Haber alifanikiwa mwaka 1909 kwa osmiamu, metali adimu mno. Alwin Mittasch na kikosi chake wakafanya maelfu ya majaribio hadi wakapata kichocheo cha chuma kilicho rahisi, na kiwanda cha Oppau, Ujerumani, kikaanza kazi mwaka 1913.

Au mtazame Frances Arnold wa Marekani. Alisomea uhandisi wa mitambo na anga, akafanya kazi ya nishati ya jua, ndipo akageukia vimeng'enya. Badala ya kujidai anajua kimeng'enya bora kinavyopaswa kuwa, alibadilisha jeni kwa nasibu, akapima matokeo, akachagua kilichofanya vizuri, akarudia. Mwaka 1993 alionyesha kimeng'enya kilichofanya kazi mara 256 zaidi ya cha awali ndani ya kiyeyusho kikali. Mwaka 2018 akapata Nobeli. Januari 2020, tuzo ikiwa mkononi, alitangaza hadharani kwamba anaondoa makala yake moja kwa kuwa matokeo yake hayakuweza kurudiwa. Heshima yake haikupungua. Utafiti unaoweza kukaguliwa ndio unaoaminika.

8. Kinga ni bora kuliko tiba, hata kwa taka

KWELI. Mwaka 1998 Paul Anastas na John Warner walipoandika kanuni 12 za kemia ya kijani, yaani kemia isiyochafua, ya kwanza ilikuwa hiyohiyo: kuzuia taka ni bora kuliko kuisafisha. Mfano ni ibuprofeni, dawa ya maumivu iliyo katika kila duka la dawa. Njia ya awali ilikuwa na hatua sita, na zaidi ya nusu ya uzito wa malighafi iliishia kwenye taka. Njia ya vichocheo iliyoanza kiwandani mwaka 1992 ina hatua tatu, na asilimia 77 ya uzito huo huingia kwenye dawa yenyewe. Kimojawapo cha vichocheo vyake ni tindikali ya hatari, lakini hukusanywa na kutumika tena badala ya kumwagwa.

Kwa hiyo ukiletewa dai jipya, liwe la gari, la plastiki au la unga wa maajabu, uliza maswali mawili: nishati imetoka wapi, na mabaki yamekwenda wapi? Asiyeweza kuyajibu, mshukuru kwa hadithi, na pesa zako zibaki mfukoni.