Simu Yako Kabla ya Mafuriko

Mwanzoni mwa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kikisogelea pwani ya Tanzania, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa taarifa mfululizo. Safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zilisitishwa. Taarifa ilikuwapo, ilimfaa yule aliyeipata mapema na kujua inamtaka afanye nini. Katika taarifa hizo, angalizo hukutaka uwe macho, tahadhari hukutaka ujiandae, na tahadhari kubwa hukutaka uchukue hatua mara moja.

Mtumiaji akumbuke kwamba simu hutegemea mnara, na mnara hutegemea umeme. Umeme ukikatika, mnara huendelea kwa betri au jenereta kwa muda tu, ilhali watu wengi hupiga simu kwa wakati mmoja. Hapo ujumbe mfupi wa maandishi huweza kupita pale sauti inapokwama, kwa kuwa ni mdogo na husubiri nafasi. Basi familia ikubaliane mapema ni ndugu gani, anayeishi mbali na eneo la hatari, atakayepokea ujumbe wa kila mmoja. Jaza chaji mara tahadhari inapotolewa, punguza mwanga wa kioo na uzime intaneti usipoihitaji. Ile simu ndogo ya vitufe, ambayo wengi wameitupa kabatini, hukaa na chaji siku kadhaa na mara nyingi ina redio, usiidharau.

Fedha zilizo kwenye simu hazitoki bila mtandao wala wakala. Weka akiba kidogo ya noti. Piga picha vitambulisho, hati ya nyumba na bima, kisha uzihifadhi pia nje ya simu, kwenye akaunti yako ya mtandaoni yenye nywila madhubuti.

Maafa huwaleta matapeli pia. Ujumbe unaoomba michango ya waathirika kwa namba usiyoijua usiujibu; namba hiyo itume kwenda 15040. Kabla ya kusambaza video ya mafuriko, hakikisha ni ya leo na ni ya mahali hapo, kwani video ya zamani huweza kuwakimbiza watu kuelekea kwenye hatari yenyewe.

Ukihitaji kuokolewa, piga 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, au 112 kwa polisi. Taja kwanza mahali ulipo, chaji isije ikaisha kabla hujasema.