Kahawa Yako Haina Ladha? Chunguza Maji Kwanza

WAHENGA walinena kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa kahawa mambo ni tofauti kidogo. Hapa maji ni lazima yatiwe, na mara nyingi ni hayo hayo maji yanayoiharibu kahawa ambayo mkulima aliipalilia kwa jasho lake.

Mpenzi msomaji, huenda nawe ni miongoni mwa wale wanaonunua kahawa nzuri ya Nyeri au Kirinyaga kwa bei ghali, wakaipika kwa uangalifu, kisha wakaonja na kukunja uso. Lawama humwendea mwenye duka, ama yule aliyekuwa jikoni. Ni nadra mtu kuuliza: je, maji yenyewe yametoka wapi?

Na hilo ndilo swali la kutangulia. Katika kikombe cha kahawa isiyo na maziwa, takriban sehemu 98 kati ya 100 ni maji. Kahawa yenyewe ni hizo mbili tu zilizosalia. Ikiwa maji yana chumvi, harufu ya dawa au chokaa nyingi, hizo sehemu mbili zitafanya nini?

Wale waliosoma sayansi shuleni watakumbuka somo la maji magumu na maji laini. Maji magumu ni yale yenye madini mengi ya kalisi na magnesi. Sabuni haitoi povu upesi, na birika hujaa ukoko mweupe ndani. Maji laini yana madini machache, kama vile ya mvua, na kipande kidogo cha sabuni hukufulia nguo nyingi.

Madini hayo si adui. Kiasi kidogo husaidia kuvuta utamu na harufu kutoka kwa unga wa kahawa. Ndiyo maana maji yaliyoondolewa madini yote, kama yale ya kutia kwenye betri ya gari, hutoa kahawa iliyopooza, hata kama ni safi namna gani. Yaache hayo kwa fundi wa magari.

Kinachodhuru ni madini yanapozidi, hasa yale ya jamii ya magadi. Kahawa ya Kenya, hususan ya mibuni ya SL28 na SL34 iliyochaguliwa na Scott Laboratories pale Kabete katika miaka ya 1930, inasifika ng'ambo kwa uchachu wake mzuri unaokumbusha matunda. Magadi huua uchachu. Mama anayetia magadi kidogo kwenye maharagwe ili yaive haraka anajua jinsi yanavyobadilisha ladha ya chungu kizima. Basi maji ya kisima yenye magadi hufanya vivyo hivyo katika kikombe chako: kahawa huwa bapa, nzito, na haina uchangamfu.

Sasa tutazame maji tunayopata majumbani. Sehemu kubwa ya maji ya mfereji jijini Nairobi hutoka milima ya Aberdare, yakipitia mabwawa ya Sasumua na Ndakaini, hilo la pili likiwa lilikamilika mwaka 1994. Maji haya kwa kawaida ni laini na yanaifaa kahawa sana. Kasoro yake ni harufu ya klorini, ile dawa inayotiwa ili kuua viini vya maradhi.

Usiichukie klorini, kwani inakulinda na kipindupindu. Iondoe tu inapofika jikoni. Teka maji jioni, yaweke katika chombo safi chenye mdomo mpana, ukifunike kwa kitambaa safi, na uyaache hadi asubuhi. Kisha yachemshe bila kufunika sufuria. Harufu itakuwa imepungua sana, na hujatumia hata senti moja.

Lakini wakazi wengi wa mitaa ya Nairobi wanajua fika maana ya mgao wa maji. Mfereji ukikauka, mwenye nyumba hufungulia maji ya kisima kirefu kilichochimbwa kwa mitambo, ama unaita mkokoteni wenye mitungi ya lita 20. Hapo ndipo kahawa ya Jumanne hukosa kufanana na ya Jumatatu, ilhali pakiti ni ile ile.

Tena hapa pana jambo zito kuliko ladha. Visima vingi virefu vya Nairobi, hali kadhalika vya Nakuru na Naivasha, vina floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Ikizidi na mtoto akayanywa maji hayo kwa miaka, meno yake hubadilika rangi na kuwa ya kahawia. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwa mvuke, floraidi hubaki pale pale na makali yake huongezeka. Ikiwa ploti yenu inategemea kisima, wapangaji wana haki ya kumwomba mwenye nyumba awaonyeshe matokeo ya maabara. Hilo si suala la wapenda kahawa peke yao.

Huko Pwani hadithi ni nyingine. Mombasa hupata maji matamu kutoka mbali, yakiwemo ya chemchemi za Mzima huko Tsavo, yanayosafiri kwa bomba la kilomita zipatazo 220. Visima vya kisiwani navyo vimechimbwa katika mawe ya matumbawe, ambayo ni chokaa, na vingi vina chumvi. Maji hayo yafulie ama upigie deki, lakini usiyatie kwenye dele. Wauza kahawa chungu hutia tangawizi na iliki, na viungo hivyo huficha makosa mengi ya maji, ila chumvi haifichiki.

Je, ununue maji ya chupa? Si lazima. Ukiamua kununua, soma kibandiko. Wataalamu wa kahawa hupendekeza maji yenye jumla ya madini yaliyoyeyuka kati ya miligramu 75 na 250 kwa lita, na yanayofaa zaidi ni karibu 150. Chupa ya bei ghali inaweza kuwa nje kabisa ya kiwango hicho.

Maji ya mvua nayo yanafaa, mradi uache mvua ya kwanza ioshe paa, na uyachemshe. Kama maji ya kisima chenu ni salama lakini ni magumu, changanya nusu kwa nusu na ya mvua. Waweza pia kuyachemsha, uyaache yatulie, kisha umimine taratibu ukiacha chokaa chini. Birika lenye ukoko lichemshie maji yaliyotiwa siki au ndimu, halafu ulisuuze vizuri.

Kuna siri moja zaidi, nayo ni moto. Kahawa hupendelea maji ya nyuzi 90 hadi 96 hivi. Mombasa, penye usawa wa bahari, maji huchemka kwa nyuzi 100, kwa hivyo epua na usubiri kama nusu dakika kabla ya kumimina. Nairobi iko juu, na maji huchemka kwa nyuzi 94 hivi. Mimina papo hapo. Usalama nao usisahaulike: yaache yatokote dakika moja kamili, na kwa wanaoishi juu zaidi, kama Limuru na Nyahururu, dakika tatu.

Usiyakubali haya kwa sababu tu yameandikwa gazetini. Jumapili hii iite familia mezani. Tafuta maji ya aina tatu yaliyo salama: ya mfereji yaliyolala usiku kucha, ya mfereji yaliyotekwa sasa hivi, na ya chupa. Chemsha kila aina peke yake. Katika kila kikombe tia vijiko viwili vya mezani vya unga ule ule wa kahawa, umimine maji kiasi kile kile, usubiri dakika nne na uchuje. Weka alama chini ya vikombe ili anayeonja asijue kipi ni kipi, na sukari ikae kando kwanza. Mwanafunzi aliye nyumbani aandike majibu ya kila mmoja. Hilo ni jaribio halali la sayansi.

Sehemu kubwa ya kahawa yetu husafirishwa ng'ambo, na wanunuzi wa huko hupima maji kabla ya kuonja. Hiyo kidogo inayobaki nchini inastahili heshima iyo hiyo. Pakiti ya pili ya kahawa ghali haitakusaidia kama mtungi ni ule ule. Badilisha maji kwanza, ndipo umlaumu mwenye duka.