Baldwin Street: Mtaa mkali kuliko yote duniani

Wasafiri wanaozunguka kwa gari katika kisiwa cha kusini cha New Zealand huvutwa na mtaa mmoja wa makazi katika mji wa Dunedin. Baldwin Street una urefu wa mita 350 hivi tu. Mwanzo wake hautishi, lakini kadiri unavyoendelea huinuka hadi dereva akaona mbingu zaidi ya barabara.

Katika sehemu kali zaidi mwinuko hufikia asilimia 34.8, yaani kwa kila mita 100 za kwenda mbele, gari hupanda karibu mita 35. Mwaka 2019 kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness kiliuvua mtaa huo taji lake na kulikabidhi barabara ya Ffordd Pen Llech, mjini Harlech, Wales. Wakazi wa Dunedin walikata rufaa. Barabara ya Harlech ina kona, na ukingo wa ndani wa kona siku zote huwa mkali kuliko ule wa nje. Ilipopimwa kwa kufuata mstari wa katikati, Baldwin Street ilirejeshewa heshima yake mwezi Aprili 2020.

Kwa dereva, hata hivyo, hesabu iliyo muhimu ni nyingine. Katika mwinuko huo takriban theluthi moja ya uzito wa gari hulivuta kurudi nyuma. Gari dogo la kilo 1,200 hushindana na mzigo wa karibu kilo 400 hata kabla ya kuongeza mwendo. Ndiyo maana gia ya kwanza huingizwa pale chini, penye tambarare. Anayejaribu kubadili gia katikati ya kilima hukanyaga klachi, injini huachana na magurudumu, na kasi ndogo aliyokuwa nayo hupotea papo hapo. Uzito nao huegemea nyuma. Magari mengi ya siku hizi huendeshwa na magurudumu ya mbele, na tairi hizo, zikiwa zimepungukiwa mzigo, huweza kuzunguka bure bila kushika barabara.

Sehemu ya juu ya mtaa imejengwa kwa zege. Lami ingelainika siku ya joto na kutiririka kuelekea chini. Na katika majira ya baridi, Dunedin hupata barafu. Waliochora mitaa ya mji huo katika karne ya 19 walipiga mistari iliyonyooka, kana kwamba milima haikuwapo.

Si mahali pa mzaha. Mwaka 2001 mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye umri wa miaka 19 alifariki dunia baada ya kuteremka mtaa huo ndani ya pipa la taka lenye magurudumu, lililogonga tela lililoegeshwa kando.

Juu hakuna njia ya magari ya kutokea. Dereva hugeuza gari na kurudi alikotoka kwa gia ile ile ya kwanza, injini ikilizuia gari na mguu ukiwa juu ya breki.