Mpira wa CV jointi ukichanika, usingoje mavuno

Vijana wengi mnabebea nyanya kwenye Probox, na njia zetu za shambani ni mawe na vumbi. Kila wiki chungulia nyuma ya tairi za mbele. Ukiona grisi imetapakaa kwenye rimu kwa ndani, ujue mpira umechanika. Grisi inatoka, mchanga unaingia na kuisaga jointi. Ikishaanza kulia ka-ka-ka unapokata kona, mpira mpya hausaidii tena. Hapo nunua jointi.

Kama bado hailii, kazi hii unaiweza nyumbani:

1. Gari likiwa chini, vuta breki ya mkono, toa pini na legeza nati ya ekseli.
2. Piga jeki, weka stendi imara, toa tairi na nati. Usitegemee jeki peke yake.
3. Achanisha bol jointi ya chini, chomoa ekseli kwenye habu, kisha gonga jointi itoke. Usivute shafti kwa nguvu, jointi ya ndani itaachana.
4. Osha jointi kwa dizeli, ikauke kabisa. Ukikuta gololi zina vishimo, badilisha.
5. Kibano kidogo na mpira vitangulie kwenye shafti, ndipo jointi irudi na kilipu mpya.
6. Jaza grisi nyeusi iliyokuja na mpira, sio ya toroli. Kaza vibano, rudisha nati kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, weka pini mpya.

Mpira ni hela ndogo kuliko jointi. Matenga yakilala njiani, dalali hakungoji.